Fundi aliyeirudisha karatasi kwenye njia yake: uzoefu wangu, Mikindani

Piano aliyotuachia marehemu babu inajipiga yenyewe. Unakanyaga pedali, hewa inanyonywa, karatasi yenye matundu inapita juu ya ubao wa shaba, na tundu la karatasi likikutana na la ubao, nota inalia. Tangu mvua za Januari ilikuwa inavuruga. Wimbo unaanza vizuri, dakika moja baadaye karatasi inasogea kushoto na nota za jirani zinalia badala ya zinazotakiwa.

Fundi wa kwanza alipaka silikoni kwenye kila kiungo, hali ikabaki ileile. Huyu wa pili, anayetengeneza vinanda vya makanisani, nampa nyota nne kwa moyo mweupe.

Hakukimbilia bisibisi. Alitoa roli ya karatasi, akabandika selotepu juu ya matundu yote 88 ya ubao, akaacha wazi vitundu viwili tu vya pembeni, vile vinavyoilinda karatasi isihame. "Dada, kanyaga taratibu." Akaziba cha kulia kwa kidole: mvukuto wake mdogo ukajikunja papo hapo. Akaziba cha kushoto: mvukuto ukatetemeka tu. Nilimwelewa kabla hajasema. Upande mmoja ulikuwa unavuja, basi ubao haukuwa na wa kuuvuta kuifuata karatasi.

Kitambaa cha mpira cha mvukuto ule kilikuwa kimekakamaa, kimepasuka mikunjoni. Kukibadilisha hakukuchukua muda. Kilichomla siku nzima ni kubandua ile silikoni bila kuumiza mbao. Yeye hutumia gundi ya ngozi, ya moto, ili atakayefungua miaka ijayo asing'oe vipande vya mbao. Mwisho akafyonza vumbi la karatasi kwenye vitundu.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu ya kibomba cha mpira cha kupitisha hewa alichokiweka: ni kigumu kuliko cha zamani, kwenye kona kinajibana. Ameahidi kukibadilisha.

Nililipa shilingi 180,000 kwa siku mbili. Alinionya pia kuhusu unyevu wa pwani yetu: karatasi ina upana wa inchi 11 na robo, matundu yamepangwa tisa kwa inchi, kwa hiyo ikitanuka kidogo tu matundu ya pembeni yanakosana na ubao hata kama katikati pako sawa. Sasa kila boksi la roli nimelitilia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Jumapili nilikanyaga roli nzima hadi mwisho, na kingo za karatasi hazikugusa pembeni hata mara moja.