LUKU moja na sabmita, au kila mpangaji na LUKU yake?

Saa 3 usiku uniti za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, zimekwisha, na mwenye friji anaapa si yeye. Nyumba za kupanga zinaujua ugomvi huu.

Kwa gharama za mwanzo sabmita, mita ndogo ya kupima matumizi ya chumba, inashinda: fundi anazifunga baada ya LUKU kuu, kila chumba na yake, kazi imekwisha. Inakopoteza ni kwenye bei ya uniti. Kundi la D1 la TANESCO, lenye uniti za bei nafuu, lina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na vyumba sita kwenye LUKU moja havibaki humo. Mwenye taa mbili na redio anaumia kwa pasi ya jirani.

LUKU ya peke yako ina maombi na kusubiri, ila ukiishiwa, giza ni lako. Hakuna daftari la madeni. (Kwangu sabmita ilihesabu hata taa zote zikizimwa, kumbe waya wa jirani umepita humo.)

Kwenye mzigo, sabmita ina ujanja wake: swichi kuu ikianguka kila jioni, tazama taa ndogo nyekundu ya sabmita ipi inamemeta mbio. Huko ndiko kuna birika la wati 2000.

Wapangaji wa kupita, sabmita inatosha. Familia zenye friji na majiko ya umeme, ombeni LUKU tofauti.