Uzoefu wangu: kuunga saa na kihisi joto kwenye Raspberry Pi 4 kwa mistari miwili

Friza la migebuka la shangazi yangu pale Kibirizi, Kigoma, sasa lina Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayoandika joto usiku kucha. Yeye anataka kujua jambo moja tu: friza lilizima saa ngapi, na likawaka saa ngapi? Bodi yenyewe haiwezi kumjibu, kwa sababu Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na intaneti ikawa haipo, inawaka ikiwa na saa ya zamani, na rekodi yote inaharibika. Pi 5 imekuja na saa yake, ingawa betri unanunua kando.

Nikachukua saa ya DS3231 na kihisi cha DS18B20. Nilichokipenda ni kwamba sikuandika draiva yoyote. Vifaa vya I2C (njia ya waya mbili ambayo saa hii inatumia kuongea na bodi) havijitambulishi kama flashi ya USB, kwa hiyo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inasoma mti wa vifaa: maelezo ya nini kipo kwenye bodi, kiko kwenye anwani gani, na kinataka draiva ipi. Kazi yako ni kuongeza kipande, yaani nyongeza (overlay), kwenye mti huo, ndani ya /boot/firmware/config.txt:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
dtoverlay=w1-gpio

Kabla ya hapo i2cdetect, amri ya kuorodhesha vifaa vya I2C, ilionyesha 68, anwani ya saa. Nikaristati, pale pale pakawa UU, maana yake draiva imeshaishika. Nilifurahi sana! Kihisi nacho kikatokea chini ya /sys/bus/w1/devices, jina lake likianza na 28-, kikisoma t=-17562, yaani nyuzi 17.6 hivi chini ya sifuri.

Nyota 4 kati ya 5. Moja naipunguza kwa sababu jina la nyongeza likikosewa herufi, bodi inawaka kama kawaida bila kukuonya kwenye skrini. Kifaa hukioni tu. Majina sahihi yote yako kwenye faili la README ndani ya folda ya overlays. Ni refu, lakini lisome kabla hujaanza kulaumu waya.

Mwenye Orange Pi, bodi nyingine ya aina hii, asinakili mistari yangu, bodi ile ina nyongeza zake. Na kwenye DS18B20 usisahau rezista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3. Ukiona 85000, hilo si joto la friza: ni namba ambayo kihisi huwaka nayo kabla hakijapima.