Kava ya pleti namba ya "kuzuia jua": jua lilianza na kava yenyewe

Ukimwona mtu anakuuzia kava ya plastiki ya pleti namba na kukuapia kwamba inazuia jua, mwulize kwanza: plastiki yenyewe inakingwa na nini? Mimi niliuliza. Nikajibiwa, "Hii orijino, bosi, ukiifunga umesahau habari ya jua." Leo pleti yangu ya mbele haisomeki vizuri hata mchana, na walioniuzia wananiambia kosa ni la jua.

Sitaki kuwaonea. Mwanzoni kava ilinifurahisha sana. Gari langu linashinda nje na kulala nje, na gari nililokuwa nalo kabla ya hili pleti yake ilipauka mpaka nikawa nasimamishwa na trafiki kila mara. Sikutaka hilo lijirudie. Kava ilipofungwa, matope yakawa yanatoka kwa kitambaa kimoja tu, na vijiwe vya barabarani vikawa vinagonga plastiki badala ya herufi. Mngeniuliza siku zile, ningewapa nyota zote.

Kisha rangi ikaanza kubadilika. Ukingo wa juu, pale jua la mchana linapopiga moja kwa moja, uligeuka manjano kama kucha za mvuta sigara. Vikafuata vimipasuko vyembamba vilivyotambaa kutoka kwenye matundu ya skrubu. Baadaye nikasoma kuhusu jambo hili na hasira ikanizidi, maana si siri hata kidogo. Miale ya urujuanimno, ile yenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 400, hukata viungo vya kikemikali ndani ya rangi, na hukata vya plastiki vilevile. Polikaboneti, aina moja ya plastiki ngumu, isipotiwa kinga hugeuka manjano na kukakamaa. Akriliki, aina nyingine ya plastiki, hulivumilia jua zaidi, ingawa ikigongwa hupasuka upesi. Pakiti yangu iliandikwa "UV", yaani miale hiyohiyo ya urujuanimno, kwa maandishi makubwa kuliko jina la bidhaa, lakini hakuna mahali palipotajwa plastiki hiyo ni ya aina gani. Hakuna kabisa!

Hata hayo ningeyameza. Kilichonichoma ni siku niliyoipeleka wakaione.

Kijana aliyekuwepo hakuuliza hata risiti. Alifungua skrubu, kava ikagoma kutoka kwa sababu wao wenyewe waliibandika kwa gundi ya pande mbili, akachomeka bisibisi pembeni na kuing'oa kwa nguvu. Ikatoka na ngozi ya pleti. Nilisimama pale nikiangalia utepe mwembamba wa ile karatasi ya kung'aa ukining'inia kwenye gundi, na nyuma yake alumini tupu, ya kijivu, ikiwa bado na matone ya maji yaliyojificha chini ya kava tangu mvua zilipokwisha. Nusu ya herufi moja ilikwenda na utepe huo. Akaniangalia usoni, akasema, "Kaka, pleti yako feki hiyo."

Pleti niliyopewa na mamlaka, eti feki!

Nikamwita mwenye duka. Huyo angalau alikuwa na adabu ya kunisalimia, lakini jibu lake lilikuwa lilelile: kava haina dhamana ya jua. Kitu kinauzwa kwa ajili ya jua, halafu dhamana yake haihusu jua. Nilipopandisha sauti akanipa mkebe wa vanishi ya kupuliza, nikapake mwenyewe, yaishe. Niliukataa. Uso wa pleti ya aina yangu una vichembe vidogo mno vya kioo vinavyorudisha mwanga kulekule ulikotoka, ndiyo maana taa za gari la nyuma zinaifanya iwake usiku. Ukipuliza vanishi isiyofaa juu yake unaufifisha mwanga huo, na viyeyusho vyake vinaweza kula karatasi yenyewe. Kamera nyingi za kusoma namba hupiga kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kutegemea uso urudishe mwanga huku herufi zikibaki nyeusi. Pleti yangu sasa ina kidonda katikati. Kamera ikisoma vibaya, nani atahangaika, mimi au yule kijana wa bisibisi?

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyenitajia wakati wa kulipa: kuna sehemu ambako kava ni kosa hata ikiwa angavu kabisa. New York, kwa mfano, sheria inakataza pleti kufunikwa kwa kioo au plastiki. Muuzaji mwenye utu angeanza na swali hilo kabla ya kupokea pesa: huko unakoendesha, inaruhusiwa?

Fundi rangi mmoja ninayemwamini aliniambia mambo ya kawaida sana. Osha kwa sabuni laini na sponji, usisugue kwa unga, usielekeze pampu ya maji ya kasi kwenye kingo, paka nta ya gari isiyo na chembe za kukwaruza, na ukipata kivuli egesha hapo. Hayo ndiyo ninayoyafanya wakati nasubiri pleti mpya, ambayo nailipia mimi, na foleni napanga mimi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota mbili, kwa sababu kava ya nyuma, inayokaa chini ya kivuli cha buti, bado ni angavu na pleti yake inaonekana nzima. Lakini kila nikiikumbuka ile "kaka, pleti yako feki" naona hata nyota moja nawapendelea. Ya nyuma nayo naitoa wikendi hii, taratibu, kwa maji ya uvuguvugu na uzi wa kukatia gundi, na bisibisi haitaigusa.