Riwaya za Kuchekesha na Stendapu ya Mubashara Nyumbani: Nunua Nini Kwanza?

Mtu akitenga fedha kidogo kwa ajili ya burudani ya nyumbani, mara nyingi mawazo yake yote huwa kwenye skrini. Mimi skrini naiweka mwisho kabisa. Kichekesho, kiwe cha kitabuni au cha stendapu (mchekeshaji mmoja jukwaani), huishi kwenye mapigo ya maneno: pale msimuliaji anaponyamaza kidogo, kisha akaliachia neno tulilokuwa hatulitarajii. Mapigo hayo yakiharibika, hakuna ukubwa wa picha utakaokirudisha kicheko. Ndiyo maana orodha yangu inaanzia masikioni.

1. Hedifoni za waya

Hizi zinakufaa kwa kitabu cha sauti na kwa onyesho la mubashara vilevile. Tafuta zinazotoa sauti ya binadamu kwa usafi, usivutiwe na zile zinazosifiwa kwa besi nzito. Besi ikizidi huyafunika maneno, na mchekeshaji anayesema chapuchapu unamsikia nusunusu. Ukienda kununua, zijaribu kwa kusikiliza mtu akizungumza, si muziki.

Nasisitiza waya kwa sababu Bluetooth huchelewesha sauti. Kwenye hedifoni nyingi za kawaida ucheleweshaji huwa kati ya milisekunde 100 na 200, na wakati mwingine huzidi hapo. Kwa mujibu wa ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, mtazamaji huanza kugundua kwamba sauti imebaki nyuma ya picha inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Programu nyingi za video hujaribu kuirekebisha tofauti hiyo na mara nyingi hufaulu. Lakini baadhi ya wachekeshaji hufanya maonyesho kwa njia ya mkutano wa video, maikrofoni za watazamaji zikiwa wazi ili vicheko vyao visikike. Hapo kila ucheleweshaji unajumlishwa, na kicheko chako kinamfikia mchekeshaji akiwa amekwishaanza kisa kingine. Simu isiyo na tundu la hedifoni inahitaji adapta ndogo tu. Mkiwa watu wawili au zaidi, spika ya waya iliyowekwa karibu nanyi inatosha.

2. Kitabu cha sauti chenye msomaji anayejua kuchekesha

Kwa riwaya ya safari na vituko, nakipa nafasi hii bila kusita. Msomaji hodari humpa kila mhusika sauti yake: nahodha mwoga, mtumishi mjanja, tajiri anayejigamba huku jahazi linazama. Msomaji mbaya husoma yote kama taarifa ya habari, na riwaya nzuri ikafa mikononi mwake. Kwa hiyo sikiliza sampuli kabla ya kulipa, tena chagua sehemu yenye mazungumzo. Hakikisha pia ni toleo kamili, kwa kuwa kwenye matoleo yaliyofupishwa kinachokatwa kwanza ni vile visa vya pembeni ambavyo ndivyo utamu wenyewe.

Kwa kasi ya maneno 150 kwa dakika, riwaya ya maneno 90,000 huchukua saa 10. Ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, yote inakaa ndani ya megabaiti 300 hivi. Kwa anayehesabu bando, hii ni burudani ya bei nafuu sana.

Usiharakishe kulipia riwaya za zamani. LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, hutoa bure vitabu visivyobanwa tena na hakimiliki, vikisomwa na watu wa kujitolea. Ubora hutofautiana sana, wakati mwingine ndani ya kitabu kimoja, kwa sababu sura zinaweza kugawanywa kwa wasomaji mbalimbali.

3. Tiketi ya onyesho moja, kabla ya usajili wa mwezi

Onyesho la mubashara lina msisimko ambao rekodi haina: mchekeshaji anaweza kuteleza, akajiokoa papo hapo, nawe ukawa shahidi. Mwezi Machi 2023 Netflix ilirusha mubashara onyesho la mchekeshaji wa Marekani Chris Rock duniani kote, na tangu hapo ni wazi kwamba hata majukwaa makubwa yanaitaka ladha hiyo. Hata hivyo, usajili hukulipisha hata mwezi ambao hakuna onyesho unalolitaka. Tiketi moja inakulipisha usiku mmoja unaoujua.

Kabla ya kununua angalia mambo matatu: saa ya kuanza kwa majira ya mahali ulipo, kama marudio yanapatikana baadaye na kwa muda gani, na kama kuna hadhira ndani ya ukumbi. Hilo la mwisho mimi nalizingatia kuliko yote, kwani bila kicheko cha ukumbini wachekeshaji wengi hupoteza mwendo. Kwa mtandao, andaa megabiti 5 kwa sekunde kwa picha nzuri. Onyesho la dakika 90 litakula gigabaiti 3 na ushee.

4. Kitabu cha karatasi, kisha kisomaji cha kielektroniki

Riwaya za safari na vituko hupenda ramani na tanbihi, na mara nyingi utani mkali umefichwa kwenye tanbihi. Kitabu cha sauti huzikatiza au huziruka. Kwenye karatasi jicho linashuka chini ya ukurasa na kurudi. Kisomaji huonyesha tanbihi kwa mguso mmoja, lakini ramani hubanwa kwenye kioo cha inchi 6. Faida yake ni chaji inayodumu kwa wiki, na vitabu vya bure vya Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya zamani. Vitabu vyenye picha za rangi vitazamie kwenye kishikwambi.

5. Runinga kubwa

Jukwaa la stendapu lina mtu mmoja na maikrofoni, kwa hiyo picha kubwa haiongezi kicheko. Kama unayo runinga tayari, iunganishe na kompyuta yako kwa waya wa HDMI, na sauti ipitishie kwenye spika.