Nilivyoitesa peni ya rola nikidhani ni biki

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vikoba, na miaka yote mihtasari nimeiandika kwa biki. Mwaka huu binti yangu akaniletea peni ya rola, ile yenye ncha ya milimita 0.7 na kifuniko. Siku ya kwanza niliipenda sana: inateleza yenyewe, mkono hauchoki. Vituko vikaanza wiki ya pili.

Kwanza niliikandamiza kwa mazoea. Zote mbili zina kigololi kwenye ncha, ila biki ina wino mzito wa mafuta, lazima usukume kidogo. Wino wa rola ni wa maji, mwepesi. Kigololi kikizunguka kinauchukua na kuulaza kwenye karatasi. Ukikandamiza huongezi kitu, unakiumiza tu. Wepesi huohuo ndio uliofanya daftari langu la bei rahisi lisomeke mbele na nyuma. Tena mimi ni mashoto, kiganja kinapita juu ya maandishi kabla hayajakauka. Mweka hazina aliniuliza kama ile ni sifuri au nane, na kwenye hesabu za watu hilo si la kucheka.

Kwenye stakabadhi ndiko nilikoumbuka. Kitabu chetu ni cha kaboni. Nakala ya chini ilitoka nyeupe pe, maana kaboni haishiki bila kukandamizwa.

Usiku mmoja niliisahau wazi, asubuhi inakwaruza tu. Nilichovya ncha kwenye maji ya uvuguvugu, nikaifuta kwa tishu, nikachora viduara mpaka ikaamka. Ya pili niliyonunua ilidondoka kwenye sakafu ya saruji, ncha ikitangulia. Hiyo haikupona, mstari ulikatikakatika hadi nikaitupa.

Na shati langu jeupe? Nilipanda ndege kwenda Mwanza, peni iko mfukoni, ncha chini. Ndege ikipaa, hewa iliyo ndani ya peni hutanuka na kuusukuma wino nje. Wakati wa kurudi niliielekeza ncha juu, na haikuvuja hata tone.

Sasa nina ya tatu, ya 0.5, isiyomwaga wino mwingi, pamoja na daftari la karatasi nzito. Mihtasari naandikia hiyo. Biki iko kwenye kitabu cha stakabadhi, nimeifunga kwa uzi isije ikaondoka na wanachama.