PS2 ya mtumba niliyoagiza Dar: nilivyoikagua nikiwa Mbeya

Muuzaji yuko Dar, mimi niko Mbeya, na katikati kuna kilomita zaidi ya 800 za lami. Kwa hiyo aliponiandikia "kaka ipo freshi kabisa, kama mpya, haijawahi kufunguliwa", sikuona cha kushika hapo. Nilikuwa nataka PlayStation 2, ile nyembamba. PS2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na Sony waliacha kabisa kuitengeneza mwanzoni mwa 2013. Hata kitinda mimba wao sasa ana zaidi ya miaka kumi na miwili. Kama mpya itoke wapi? Kuna iliyotunzwa na kuna iliyochoka, basi.

Video ya kwanza aliyonitumia WhatsApp ilivutia kweli: mpira unapigwa, picha safi, vijana wanashangilia. Nikamuuliza, gemu inasoma kutoka wapi? Akajibu, "Kwenye flashi." Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. PS2 nyingi zinazozunguka kwetu zina memori kadi yenye Free McBoot, programu inayoiwezesha mashine kucheza gemu bila diski: gemu zinapakiwa kwenye flashi, diski haiguswi. Lenzi inaweza kuwa ilikufa zamani na wewe mnunuzi usijue. Video ya namna hiyo inakuthibitishia kwamba mashine inawaka, inatoa picha na pedi inaitika. Habari za lenzi haina. Mwenye banda la gemu pale Mwanjelwa hilo halimsumbui, maana wateja wake wanataka mpira tu. Mimi nina diski zangu za zamani na ndizo ninazotaka kuchezea. Isitoshe, USB ya PS2 ni ile ya polepole, 1.1, kwa hiyo kwa flashi baadhi ya gemu video zake za katikati hukatakata mpaka unachukia.

Lenzi ya PS2 ina kazi mbili, na hili muuzaji mwenyewe alikuwa halijui. Kuna mwanga wa kusomea DVD na mwanga mwingine wa kusomea CD, na mmoja unaweza kufa mwingine ukabaki mzima. Gemu za PS2 zilizotoka kwenye DVD upande wa chini ni za rangi ya fedha; zilizotoka kwenye CD chini ni bluu. Mtu akikuonyesha diski moja inasoma, amekuonyesha nusu ya lenzi.

Akasema hana gemu yoyote ya diski. Nikamwambia haina shida kaka, tafuta filamu yoyote ya DVD, halafu CD yoyote ya muziki, hata ya kwaya, mradi iwe ya sauti tupu na si ya video. Na kamera isizimwe: anza mashine ikiwa haijawashwa, nionyeshe waya umechomekwa, fungua kifuniko nione lenzi, weka diski, funga, washa. Alilalamika kidogo kwamba wateja wa mikoani tuna maswali mengi. Lakini alifanya, na kwa hilo namsifu.

DVD ilikubali baada ya kusitasita. CD ya kwaya ikazunguka, ikatulia, ikazunguka tena kwa mlio wa kukwaruza, mwisho skrini ikaandika kwamba diski haisomeki. Alitaka 150,000. Nikamwambia hii ni PS2 ya flashi yenye lenzi nusu, tukamalizana kwa 110,000 na nauli ya mzigo juu yake.

Kabla ya kulipa niliomba pia picha ya lebo ya chini. Yangu ni SCPH-77004. Tarakimu ya mwisho inakuambia ilitengenezwa kwa soko gani: 0 ni Japani, 1 Marekani, 3 Uingereza, 4 nchi za Ulaya bara. Ukikuta zile nene za Japani, kuwa macho sana, umeme wake ni volti 100. Ukichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu umeiaga. Nyembamba za toleo kama la yangu zina adapta ya nje, hivyo soma maandishi ya adapta yenyewe.

Mzigo niliuchukua stendi ya Nane Nane, umefungwa vizuri kwa sponji, kona za Kitonga hazikuuathiri. Nikaupeleka moja kwa moja kwa fundi. Akabandua vile vizibo vya mpira vya chini, akanionyesha skrubu: vichwa viwili vimelika mpaka msalaba wake umekuwa duara. "Haijawahi kufunguliwa" ya Dar ndiyo hiyo. Ndani hakukuwa na balaa, vumbi tu kwenye feni. Lenzi tulibadilisha, na zile 40,000 nilizopunguziwa zilitosha lenzi na ufundi. Kuna mafundi wanaokwambia wataiongezea nguvu lenzi ya zamani badala ya kuibadilisha. Inasoma kwa muda mfupi, halafu inakufa jumla. Usikubali.

Betri ya saa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo tarehe ilikuwa inapotea kila ukichomoa umeme. Hiyo ni betri ya kawaida ya CR2032, isikufanye ukatae mashine.

Pedi ndizo zilizoniudhi. Tangazo lilisema "pedi mbili orijino". Kwa macho zinafanana, ila moja ukiishika ni nyepesi kama kopo tupu. Vitufe vya DualShock 2 halisi, yaani pedi orijino ya PS2, vinahisi nguvu ya kidole, na njia rahisi ya kuthibitisha ni Gran Turismo, gemu ya mbio za magari: bonyeza kitufe cha X taratibu sana. Pedi ya kwanza, gari lilijivuta polepole, nikiongeza nguvu nalo linaongeza. Ya pili, nikigusa tu gari linachomoka kana kwamba nimekanyaga mafuta yote. Nilimrekodia muuzaji video nikambandikia. Akaandika "duh, mkuu unajua sana", akanirudishia elfu kumi kwa simu. Ya kutolea hakuweka.