Pedeli ya kushoto: uzoefu wangu na sevisi ya baiskeli hapa Tabora

Jina la duka sitalitaja. Wanaoendesha baiskeli hapa mjini watalijua tu, na asiyelijua akiuliza wapi pa kupeleka baiskeli ya gia ataelekezwa huko huko, kwa sababu mafundi wengine watamwambia kama walivyoniambia mimi: "Dada, hizi zina watu wake." Nikaenda kwa hao watu wake. Nikalipa shilingi 45,000, nikakabidhiwa baiskeli inang'aa, na Jumamosi yake nilikuwa natembea kwa miguu katikati ya miombo, pedeli nimeishika mkononi.

Nieleze kwanza ninachokifanya, maana bila hivyo mtaona nimechukia kitu kidogo. Najiandaa kwa triathloni ndefu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia 42.2, vyote siku moja. Baiskeli peke yake inakula karibu nusu ya siku hiyo. Kwa mwendo wangu ni kama saa nane juu ya kiti. Nikizungusha miguu mara 80 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 38,400, na katika kila mzunguko mguu wangu wa kushoto unaikanyaga pedeli ile ile. Kanuni za mbio hizi hazikuruhusu kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, wala kupokea msaada wa ndugu au rafiki aliyesimama barabarani. Kifaa kikiharibika, uwe tayari kutengeneza mwenyewe, la sivyo siku yako inaweza kuishia hapo. Kwa hiyo sevisi kwangu si urembo. Namkabidhi mtu miezi yangu ya mazoezi.

Na mazoezi ya Tabora si ya mchezo. Watu husikia tambarare wakadhani ni rahisi. Mlima ukishaupanda unakupa mteremko, unapumzisha miguu. Barabara ya Urambo haikupi kitu; ukiacha kuzungusha, umesimama. Kiangazi upepo ukikupiga usoni, kilomita kumi zinakuwa kama ishirini. Lakini naipenda barabara ile kupita kiasi. Tabora hadi Ndono ni kilomita 42, Ndono hadi Urambo 52. Ukienda na kurudi umepiga 188, yaani umbali wa mbio na nane za ziada. Nilikuwa nimeongeza umbali taratibu kwa wiki nyingi, kilomita 80, 110, 140, na Jumamosi ile ilikuwa ndiyo siku ya kufika Urambo na kurudi kwa mara ya kwanza. Mfukoni nina matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye chupa maji ya asali, ndimu na chumvi kidogo. Nimeondoka saa 11 alfajiri, nawapita akina baba na magunia yao ya mkaa wanaingia mjini, wananiambia "Mwangaluka," naitikia nikipita.

Nilipovuka Ndono nikaanza kusikia mlio. Tk. Tk. Kila mguu wa kushoto ukishuka, tk. Nikasema ni kiatu. Nikabadilisha namna ya kukanyaga, ukaendelea. Sikusimama, kwa sababu baiskeli ilikuwa imetoka sevisi siku tatu tu zilizopita, na ukishalipia sevisi unaiamini. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Niliamini. Saa mbili kasoro hivi mguu ukaenda chini na pedeli yote, nikayumba hadi kwenye changarawe, na lori la tumbaku lilikuwa nyuma yangu. Dereva alipiga honi akanikwepa. Nashukuru Mungu, sina zaidi ya mchubuko wa goti.

Nilikokota baiskeli hadi kijiji cha mbele. Chini ya mwembe kulikuwa na mzee fundi, vifaa vyake vyote kwenye gunia moja. Hakuishangaa baiskeli yangu wala mavazi yangu. Akaichukua pedeli, akaigeuza juani, akapitisha kidole kwenye thredi, ile mikato ya kuzunguka kama ya skrubu. Thredi za pedeli ni chuma, zilikuwa nzima. Akachungulia tundu kwenye mkono wa pedeli, ambao ni wa alumini, akatoa kwa msumari vichembe vya fedha vilivyochanganyika na grisi mpya.

"Mwanangu, nani kaigusa hii?"

"Fundi wa mjini, baba."

"Huyu alikuwa anafungua, kumbe anakaza."

Akanielewesha kitu ambacho kila anayeendesha baiskeli anapaswa kukijua, na mimi kwa miaka yote nilikuwa sikijui. Pedeli ya kulia ni kama nati ya kawaida. Ya kushoto thredi zake zimekatwa kinyume, ili mwendo wa kukanyaga usije ukaifungua yenyewe njiani. Kuifungua unapeleka kulia, kuikaza unarudisha kushoto. "Hata Phoenix iko hivi," akasema, "haijabadilika tangu nikiwa kijana." Mtu asiyejua anashika spana, anapeleka kushoto kama nati zote, inakataa, anaongeza bomba kwenye spana apate nguvu, na kila akivuta anazidi kuikaza mpaka alumini inachanika ndani. Akanionyesha pale spana inaposhika, kingo zilivyoliwa upande mmoja tu. Baadaye huyo mtu akashtuka, akaifungua kwa njia yake, akapaka grisi nyingi, akairudisha. Juu inang'aa. Ndani hamna kitu kinachoshika.

Mzee alikata ukanda mwembamba wa kopo la soda, akauzungushia, akaifunga pedeli kwa mkono pole pole, na spana mwishoni. Elfu mbili. Akanionya nisisimame juu ya pedeli, nikanyage kwa kulia zaidi. Nikafika Ndono hivyo, nikapakia kwenye gari hadi mjini. Urambo sikuiona.

Jumatatu nikaenda dukani. Kulikuwa na wateja wanne watano, mwenye duka amekaa. Nilisalimia vizuri. Nikaweka pedeli mezani, nikaeleza, wala sikupandisha sauti. Hakuigusa. Hakuangalia hata lile tundu. Akaniangalia mimi, kuanzia viatuni kupanda juu, akasema:

"Dada, hii umeikanyaga kiume. Hizi hazitaki hivyo."

Watu wakacheka. Nikamwambia, kaka, tafadhali angalia kingo hizi, spana ilipelekwa kinyume. Akajibu: "Shemeji anajua kama unakwenda Urambo peke yako?"

Sijui niiandikeje hiyo ili mtu aelewe. Kuharibu kifaa ni bahati mbaya, fundi yeyote huteleza. Mkono mpya wa pedeli niliuagiza, ukaja kwa basi, nikaulipia mwenyewe, na fedha hizo nimeshazisahau. Lile neno sijalisahau. Kiume! Mimi naamka saa 10 usiku, napika chai ya watoto niiache kwenye chupa, naendesha kwa muda wa saa tano, nikishuka kwenye baiskeli navaa raba nakimbia dakika ishirini na miguu mizito kama imefungwa mawe, ili mwili uzoee kutoka kwenye baiskeli kwenda kwenye mbio. Naikanyaga kwa miguu yangu hii. Halafu mtu ambaye kijana wake hajui pedeli ya kushoto inafunguliwa upande gani, ananiambia kosa ni nguvu zangu, na anataka kuzungumza na mume wangu.

Nilipotoka pale nilikuwa nimeamua kuandika neno moja tu: msiende. Na nilikuwa na haki.

Lakini nikiandika hivyo tu nitakuwa nimeficha kitu. Gia za baiskeli ile, tangu siku waliyozishika, zinaingia kama kisu kwenye siagi. Kabla ya hapo cheni ilikuwa inaruka kila nikibadilisha, na mafundi watatu walishindwa. Gurudumu la nyuma lililokuwa linayumba walilinyoosha spoki kwa spoki, na halijayumba tena kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Kazi hiyo aliifanya mwenye duka kwa mikono yake, nilimwona, na hakuna mwingine hapa Tabora aliyeiweza. Inaniudhi kuikiri. Ningependa awe fundi mbaya, hasira yangu ingepata pa kutulia.

Na kuna yule kijana. Nimefika kwenye kona ya mtaa, nasikia mtu anakimbia nyuma yangu, nageuka, ni yeye, mikono imejaa grisi. "Samahani dada, ni mimi. Niliweka bomba. Bosi hakuniambia." Akanyamaza, halafu akauliza: "Ya kushoto inafunguliwa kwenda wapi?" Nikamwonyesha pale pale barabarani, kwa pedeli yenyewe, kama mzee alivyonionyesha. Akarudia mara mbili kwa vidole. Yeye sina neno naye. Ninayemdai ni aliyemwachia kijana spana bila kumfundisha, kisha akachekesha wateja kwa jina langu.

Kwa hiyo niwape ngapi? Nilianza na nyota moja nikitaka kuandika sifuri. Kwa gia na gurudumu peke yake wangestahili nne. Leo naandika mbili. Kesho nikilikumbuka lile neno nitarudi nifute hata hizo.

Kwa kina dada mnaoanza mazoezi haya na mnauliza kama mwende: nendeni kwa ajili ya gia, msikubali kuondoka kabla hamjaona kila kitu kilichofunguliwa, na mtu akiuliza habari za shemeji msimjibu. Mimi pia, kabla ya mbio, itabidi niipeleke tena pale, kwa sababu cheni inakaribia kwisha na sina pengine. Nimeshanunua spana namba 15. Pedeli nitazifungua mwenyewe nyumbani, niziache mezani, ndipo niikokote baiskeli mpaka dukani.